Mota ya bakteria: kabla ya kubishania kasi, taja mzigo

#1 Mzigo_Kwanza

Wakuu, kila mada ya mikia ya bakteria ikifunguliwa ubishi huwa ule ule. Mmoja anasema mota ya E. coli (mashine ndogo kwenye shina la mkia, inayouzungusha) inazunguka mara 10 kwa sekunde, mwingine mara 100 na kitu, wa tatu mara 300, halafu anatokea wa nne na 1,700 yake na kuwaambia wenzake wamekosea. Namba zote ni za kweli. Kila mmoja ametaja kasi, akasahau kutaja mzigo, yaani kile mota inachokizungusha.

Kumi ni mota inayozungusha mwili mzima wa seli, pale mkia ulipogandishwa kwenye kioo. Mia na kitu ni seli inayoogelea huru, mikia yake imejisokota fungu moja nyuma. Mia tatu ni mota iliyovuliwa mzigo karibu wote. Na 1,700 si ya E. coli kabisa: ni ya bakteria mwingine, Vibrio alginolyticus, mota inayoendeshwa na ioni za sodiamu, na ilipimwa mwaka 1994.

Ukichora torki (kani ya kuzungusha) dhidi ya kasi, kama walivyofanya watafiti Chen na Berg mwaka 2000, unapata mstari wenye goti. Kwa E. coli kwenye nyuzi 23 za Selsiasi, torki hubaki karibu ile ile kuanzia mota ikiwa imesimama hadi mizunguko kama 170 kwa sekunde. Hapo goti linapinda, na torki inashuka moja kwa moja hadi sifuri kwenye mizunguko kama 300.

Kabla ya goti, mota inasukuma kwa kani yake yote na kinachoipunguza kasi ni maji tu. Ongeza mnato wa maji (ukinzani wake wa kutiririka) mara mbili, kasi inashuka nusu. Baada ya goti, kinachoibana ni mwendo wa mashine yenyewe: jinsi protoni zinavyopita na sehemu zinavyogeuka. Ndiyo maana baridi haiigusi sana torki ya mota yenye mzigo mkubwa, lakini mota isiyo na mzigo inapungua kasi waziwazi. Anayelinganisha vipimo viwili vya joto tofauti bila kujua yuko upande gani wa goti analinganisha vitu viwili visivyofanana.

Uzi huu nauanzisha ili tuwe na mahali pamoja pa kuelekezana: fizikia yake, namna ya kupima, na makosa yanayojirudia. Karibuni.

#2 Mwanagenzi_F

Asante mkuu. Swali la msingi: kwa nini izunguke? Samaki anapiga mkia kushoto na kulia na anakwenda. Bakteria kwa nini asifanye hivyo?

#3 Parafujo

Swali zuri, na jibu lake liko kwenye ukubwa. Tukokotoe.

Chukua seli kama tufe la nusu kipenyo mikromita 1, inakwenda mikromita 30 kwa sekunde, ndani ya maji yenye mnato wa 0.001 Pa·s. Namba ya Reynolds ni kama 0.00003, yaani inesha (tabia ya kitu kuendelea na mwendo wake) ni kitu cha kupuuzwa kabisa ukiilinganisha na mnato. Ukinzani wa maji (6π × mnato × nusu kipenyo × kasi) ni kama pikonewtoni 0.57. Sasa zima mota ghafla. Seli itateleza mbele kiasi gani kabla ya kusimama? Gawanya uzito wake wa maada kwa kizidishi cha ukinzani, unapata muda wa kama sekunde 0.0000002. Zidisha kwa kasi: nanomita 0.007. Atomu ya haidrojeni ina upana wa kama nanomita 0.1, kwa hiyo bakteria anasimama kabla hajavuka hata sehemu ya kumi ya atomu moja.

Samaki anaishi kwa kuteleza. Anapiga maji, maji yanarudi nyuma, mwili unaendelea mbele kwa inesha. Kwa bakteria hakuna cha kuendelea. Mwanafizikia E. M. Purcell alilieleza hili mwaka 1976 kwa mfano wa kombe la baharini lenye bawaba moja: likifungua na kufunga, linakwenda mbele kidogo na kurudi pale pale, hata kama kufunga ni haraka na kufungua ni polepole. Kasi haijalishi, umbo ndilo linalohesabu. Mwendo wowote ambao ukiurudisha kinyume unaonekana vile vile hautampeleka popote, na mkia mgumu unaopigwa kushoto na kulia ni wa aina hiyo.

Parafujo inayozunguka upande mmoja haijirudii kinyume. Ndiyo inayomtoa.

#4 Mwanagenzi_F

Kwa hiyo inajipenyeza kwenye maji kama parafujo kwenye ubao?

#5 Parafujo

Hapana, na hapa wengi wanateleza. Hatua ya parafujo ya mkia wa E. coli ni kama mikromita 2.3. Kama ingeshika maji vile parafujo inavyoshika ubao, mizunguko 110 kwa sekunde ingempa mikromita 250 kwa sekunde. Anapata 30, kama sehemu moja ya nane. Kwingine kote ni kuteleza.

Kinachomsukuma ni tofauti ndogo ya ukinzani. Uzi mwembamba ukiuburuta kwa urefu wake, maji yanaukinza kidogo. Ukiuburuta kwa ubavu, yanaukinza zaidi, kinadharia hadi karibu mara mbili. Kipande kimoja cha mkia kimelala mshazari. Mota inakisukuma kwenda pembeni, lakini kwa kuwa ubavu unakinzwa zaidi kuliko urefu, kani ya maji haiko sawasawa kinyume cha mwendo; inabaki sehemu ndogo inayoelekea kwenye mhimili wa parafujo. Zijumlishe hizo sehemu ndogo kwa urefu wote wa mkia, mikromita 5 hadi 10, ndiyo msukumo. Kama ukinzani wa ubavu na wa urefu ungekuwa sawa, mkia ungezunguka na seli isiende popote.

Ndiyo sababu ufanisi wa kuogelea ni mdogo, kama asilimia 2. Watu wakisikia hivyo wanadhani mota ni mbovu. Mota haina kosa, tatizo ni kusukuma maji kwa uzi.

Nyongeza moja: torki hailipwi bure. Mikia ikizunguka upande huu, mwili mzima unazunguka upande ule, polepole zaidi, kama mara 20 kwa sekunde. Karibu na kioo, mizunguko hiyo miwili inaburutwa pande tofauti na seli inaogelea kwa duara badala ya mstari. Ukiitazama kutoka upande wa maji, duara ni la kisaa. Kwa hiyo ukiona seli zote kwenye slaidi zinapinda upande mmoja, usiandike kwamba zina kasoro. Inua fokasi mikromita 50 juu ya kioo uone zinavyonyooka.

#6 Protoni_1200

Niongezee upande wa injini, maana bado kuna watu wanaandika kwamba inaendeshwa na ATP (molekuli ya nishati ya seli). Haiendeshwi na ATP. Inaendeshwa na protoni (ioni za haidrojeni) zinazoingia ndani kupitia utando, zikisukumwa na tofauti ya umeme na ya pH ambayo kwa E. coli ni kama milivolti 150 hadi 170 kwa jumla.

Sehemu kwa ufupi: mkia wenyewe ni mrija wa nanomita 20 kwa upana, umejengwa kwa maelfu ya nakala za protini moja, flajelini, katika safu 11. Chini yake kuna kulabu ya kama nanomita 55, laini kiasi cha kupinda huku ikizunguka. Ndiyo jointi inayoruhusu mota za pande zote za seli kuzungusha fungu moja. Kisha ekseli inayopita kwenye pete za utando wa nje na ukuta, halafu pete ya MS kwenye utando wa ndani, na chini kabisa pete ya C yenye protini FliG, FliM na FliN, upana kama nanomita 45. Hiyo ndiyo rota, sehemu inayozunguka.

Stata, sehemu zinazoisukuma, zimeizingira rota, hadi kama 11. Kila moja ni protini tano za MotA zilizoizingira jozi ya protini MotB, na MotB imejifunga kwenye ukuta wa seli ili isizunguke pamoja na rota. Protoni hupita kwa kushika asidi ya aspatiki namba 32 ya MotB. Miundo iliyochapishwa mwaka 2020 ilibadilisha picha: stata yenyewe ni mota ndogo. Pete ya MotA inazunguka kuizunguka MotB, upande mmoja tu, kisaa, na inaisukuma pete ya C kama gia ndogo inavyosukuma gia kubwa.

Hapo ndipo kugeuza mwelekeo kunapoeleweka. Gia ndogo ikigusa gia kubwa kwa nje, kubwa inazunguka kinyume chake: rota inakwenda kinyumesaa, fungu linakaa pamoja, seli inakwenda mbele. CheY (protini ya ishara ya kugeuza mwelekeo) yenye fosfati ikishika FliM, pete ya C inabadili umbo na kupanuka, stata sasa inaigusa kwa upande wa ndani, na gia inayogusa kwa ndani inakwenda upande mmoja na mwenzake. Rota inageuka kisaa, fungu linafumuka, seli inabiringika. Injini haikurudi nyuma. Gia ndogo inaendelea upande ule ule muda wote.

#7 Mzigo_Kwanza

Mkuu Protoni, naomba utusaidie na ufanisi wa mota yenyewe. Kuna wanaosema karibu asilimia 100.

#8 Protoni_1200

Inategemea umechukua torki ipi, na hesabu ni fupi kiasi kwamba kila mtu anaweza kuifanya.

Kwa mzigo mkubwa, mzunguko mmoja unapitisha protoni kama 1,200 (kipimo cha Meister, Lowe na Berg, 1987, kwenye Streptococcus). Protoni moja ikishuka milivolti 170 inatoa jouli 2.7 × 10⁻²⁰. Zote pamoja: 3.3 × 10⁻¹⁷. Kazi ya mzunguko mmoja ni 2π mara torki. Ukitumia 4,500 pN·nm (pikonewtoni-nanomita, kipimo cha torki) ya vipimo vya kibanio cha mwanga vya 1997, unapata 2.8 × 10⁻¹⁷, asilimia 87. Ukitumia 1,260 ya vipimo vya 2006 vya shanga zilizobandikwa kwenye mikia, unapata 7.9 × 10⁻¹⁸, asilimia 24.

Pia kumbuka protoni zilihesabiwa kwa bakteria mmoja na torki ikapimwa kwa mwingine. Mimi nisingeandika namba moja ya ufanisi bila kueleza nimeunganisha vipimo vipi.

#9 Hadubini_100x

Tushuke maabara sasa. Nitaandika utaratibu wa shanga (kubandika ushanga mdogo kwenye kisiki cha mkia na kuutazama ukizunguka), kwa sababu unakuruhusu kuchagua mzigo mwenyewe.

Kuotesha. Anza na E. coli yenye mwendo. Aina ya RP437 ni chaguo salama. Aina ya MG1655 angalia umeipata wapi, kwa sababu akiba zake zinatofautiana: baadhi zina kipande cha DNA kilichojipachika mbele ya flhDC (jeni zinazoamuru mikia ijengwe) na zinaogelea sana, nyingine karibu hazitikisiki. Kwa kazi ya shanga unahitaji flajelini ya kunata, aina ya fliC (jeni ya flajelini) iliyopunguzwa kipande cha katikati, maana inashika polistireni bila kingamwili. Otesha usiku, kisha punguza mara 100 kwenye maji ya triptoni (asilimia 1 triptoni, asilimia 0.5 chumvi), nyuzi 30 hadi 33, ukitikisa, hadi OD600 (kipimo cha wingi wa seli kwa mwanga) ifike 0.5 au 0.6. Usiweke glukosi, inazima jeni za mikia. Usipandishe joto ukidhani unawahisha kazi: nyuzi 37 mikia inapungua, ikivuka 40 huipati.

Bafa. Fosfati ya potasiamu milimola 10, pH 7.0, chumvi milimola 67, EDTA milimola 0.1, laktati ya sodiamu milimola 10, methionini mikromola 1. EDTA inakamata mabaki ya metali nzito kama shaba, ambayo kwa kiasi kidogo tu huua mwendo. Methionini haipo kwa ajili ya chakula: bila hiyo mfumo wa kuhisi hauwezi kuongeza methili na seli zinaacha kugeuza mwelekeo.

Kukata mikia. Sirinji mbili, ncha za geji 26, zimeunganishwa kwa mrija mwembamba wa polithini. Pitisha kimiminika huku na huku mara 50 hadi 70, kwa mkono ule ule na kasi ile ile. Lengo ni kubakiza kisiki kifupi. Ukipitisha mara chache, visiki ni virefu na ushanga utayumba kwa duara pana lisilo safi. Baada ya hapo zungusha kwenye mashine ya kutenganisha kwa 1,500 g dakika 5 hadi 10, mwaga maji ya juu, na uifumue tembe (seli zilizotua chini) kwa kuizungusha chupa mkononi. Si kwa vorteksi, si kwa kuinyonya kwa pipeti kwa nguvu.

Kugandisha. Polilisini asilimia 0.01 kwenye kioo kifuniko, dakika chache, suuza vizuri. Weka seli, subiri dakika 10, suuza. Weka shanga za mikromita 1, subiri tena, suuza zisizoshika. Kisha tafuta, na hapa uvumilivu ndio unaolipa. Ushanga mzuri unachora duara karibu kamili. Ukichora yai, kulabu imelala au ushanga unagusa mwili wa seli. Ukirukaruka na kurudi nusu mzunguko, umeshikwa na visiki viwili. Iache hiyo, usijaribu kuiokoa kwa hesabu.

#10 Mwanagenzi_F

Na seli zikianza vizuri halafu zote zinapungua kasi pamoja ndani ya dakika chache, tatizo ni nini?

#11 Hadubini_100x

Zote pamoja? Oksijeni, karibu kila mara. Laktati inahitaji oksijeni kutoa nishati. Chumba kilichozibwa chenye seli nyingi kinaimaliza upesi, tofauti ya umeme kwenye utando inaanguka, mota zinasimama. Dalili ni kwamba zilizo karibu na kiputo cha hewa au ukingo wa kioo bado zinakwenda wakati za katikati zimelala. Punguza seli au pitisha bafa mpya polepole.

Moja moja zikisimama pale tu unapowasha taa, ni mwanga. Mwanga mkali wa bluu kwanza huzifanya zibiringike, kisha huzilemaza. Weka kichujio kinachopitisha kijani hadi nyekundu.

Na ikishuka kwa ngazi, ngazi zinazokaribiana urefu, hiyo si hitilafu. Ni stata zinaondoka moja moja. Stata hazijapigwa misumari. Zinaingia na kutoka, na kila moja hukaa kama nusu dakika. Ngazi kama hizo, zikipanda badala ya kushuka, ndizo zilizotumika 2006 kuhesabu hadi 11.

#12 Mzigo_Kwanza

Na idadi hiyo ya stata inafuata mzigo. Mwaka 2013 ilionekana kwamba mota ikibebeshwa ushanga mkubwa, stata zaidi hujiunga. Ukiupunguza mzigo zinaachia. Kwa hiyo mkunjo wa torki na kasi una jambo la kuangalia: nukta za kushoto, zenye mzigo mkubwa, zina stata nyingi kuliko za kulia, kama uliisubiri mota itulie kila mara. Tena karibu na mzigo sifuri, Yuan na Berg (2008) waliona mota isiyo na stata, ikifufuliwa kwa kurudishiwa stata, inaruka moja kwa moja hadi kama 300 bila ngazi, kwa sababu hapo stata moja inatosha kufikia kikomo cha kasi. Ukitaka kuhesabu stata kwa ngazi, tumia mzigo mkubwa.

#13 Parafujo

Hesabu ya torki kutoka kwenye ushanga, kwa atakayeihitaji:

Kizidishi = 8π·η·a³ + 6π·η·a·r², ambapo a ni nusu kipenyo cha ushanga na r ni umbali wa kitovu chake kutoka kwenye mhimili. Kwa a = mikromita 0.5, r = 0.2, η = 0.001 Pa·s, sehemu ya kwanza ni 3.14 × 10⁻²¹ na ya pili 0.38 × 10⁻²¹, jumla 3.52 × 10⁻²¹ N·m·s. Ushanga ukizunguka mara 60 kwa sekunde, zidisha kwa 377: torki ni 1.33 × 10⁻¹⁸ N·m, yaani 1,330 pN·nm.

Angalia sehemu ya kwanza inavyotawala, na ina a kwa kipeo cha tatu. Kosa la asilimia 5 kwenye ukubwa wa ushanga ni kosa la kama asilimia 15 kwenye torki. Mnato nao: maji ya nyuzi 23 ni kama 0.00093, si 0.001. Na ushanga ulio karibu na mwili wa seli au kioo unakinzwa zaidi ya fomula hii, kwa hiyo jibu lako ni kiwango cha chini.

#14 Mwanagenzi_F

Nimewaelewa. La mwisho: mwelekeo. Kwenye video za seli zilizogandishwa kwa mkia, kisaa na kinyumesaa vinachanganya.

#15 Hadubini_100x

Vinachanganya kwa sababu tatu, na zote zinaweza kukupata kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ni jicho liko wapi. Jina la mwelekeo wa mota hutolewa ukiwa nje, ukitazama kutoka ncha ya mkia kuelekea seli. Mkia ukigandishwa, kinachozunguka ni mwili, na mwili unakwenda kinyume. Kwa hiyo ukitazama kupitia kioo chenye mkia, mota ya kinyumesaa inaonekana kama mwili unaozunguka kisaa. Ukitazama kutoka upande wa pili, mwili unaonekana kinyumesaa, sawa na jina la mota.

Ya pili ni vioo vya hadubini na programu ya kamera, ambavyo vinaweza kugeuza picha kama kioo cha kujitazamia. Weka slaidi yenye herufi R, ione inatokaje.

Ya tatu ndiyo mbaya zaidi: kamera ya picha 30 kwa sekunde ikirekodi seli inayozunguka mara 25 kinyumesaa, kati ya picha na picha seli imekwenda sehemu tano kwa sita za duara. Jicho linaona imerudi nyuma sehemu moja kwa sita. Kwenye video unaona mizunguko 5 kwa sekunde, kisaa, laini kabisa, bila dalili ya kasoro. Seli inayozunguka mara 30 kamili itaonekana imesimama. Rekodi tena seli ile ile kwa picha 37 kwa sekunde: kasi ya kweli haibadiliki, ya uongo inabadilika. Kwa ushanga wa mizunguko 60 usishuke chini ya picha 500.

Ukipima kwa mwangaza badala ya picha, kuna mtego mwingine. Mwili wa fimbo uliogandishwa katikati unaonekana vile vile kila nusu mzunguko, hivyo kilele kwenye wigo (mchoro wa masafa) kinatokea kwenye kasi mara mbili ya ile ya kweli. Na ukiona kilele chembamba kwenye 100 au 120 kisichosogea hata ukibadilisha seli, hiyo ni taa ya chumba. Izime, upime upya.